Fremu za karavani zimepauka na kufanya vidoa vyeupe: nibadilishe au nipake rangi?

Msomaji wa Shanzu, Mombasa, mwenye karavani, ile nyumba ya magurudumu inayovutwa na gari, ameniandikia hivi:

"Shikamoo fundi. Nilinunua karavani kuukuu iliyotoka Uingereza, nikaiegesha kwenye kiwanja chetu, mita kama mia mbili hivi kutoka ufukweni, nikaijengea banda la makuti juu ili wageni wasiungue na jua. Sasa fremu za madirisha na ile reli ndefu ya pembeni zimepauka na kutoa vidoa vyeupe vya ungaunga. Chini ya mlango rangi inavimba. Kishikio cha mlango kinawaacha wageni na weusi mikononi. Tumekuwa tukizisugua kwa waya wa sufuria na majivu. Zinang'aa siku mbili tatu, kisha zinarudi vilevile. Fundi mmoja anasema zote zing'olewe ziwekwe mpya. Mwingine anasema zipigwe msasa na kupakwa rangi ya silva. Je, hii ni sura tu, au karavani yangu inaoza?"

Marahaba, mwanangu. Picha ulizotuma nimezitazama vizuri. Sehemu kubwa ya unachokiona ni sura tu: fremu za madirisha zimechakaa juujuu, na zina maisha marefu mbele yao. Usizing'oe. Ila huko kusugua kuache leo hii, kwa sababu kunaziharibu kuliko bahari yenyewe. Wasiwasi wangu uko kwenye ile reli ya pembeni. Reli yenyewe haijafa, lakini inaweza kuwa imekwisha kuingiza maji ndani ya ukuta, na hilo halionekani kwa kutazama rangi ya alumini.

Nianze na alumini inavyojilinda, maana ukishalielewa hili mengine yote yanakuwa mepesi. Chuma kikishika kutu, kutu hupukutika na kuacha chuma kingine wazi, na mchezo unaendelea hadi kiishe. Alumini haiendi hivyo. Ukiikwaruza, papo hapo hewa inaifanyia utando wa oksidi unaoshikamana nayo barabara. Utando huo ni mwembamba mno, kwa kawaida haufiki hata sehemu moja ya mia ya maikroni, na maikroni yenyewe ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Viwandani huukuza kwa kuchovya vipande kwenye tindikali ya salfa na kuvipitishia umeme. Kazi hiyo huitwa anodaizi, na utando hufikia maikroni 5 hadi 25. Kwa majengo ya pwani tunataka 20 au 25. Reli na fremu nyingi za karavani za zamani ni alumini tupu au zimepewa anodaizi nyembamba, maana hazikukusudiwa kukaa mwaka mzima zikipigwa na upepo wa Bahari ya Hindi.

Adui wa utando huo ni chumvi, na chumvi inahitaji maji ili ifanye kazi. Hapa ndipo Mombasa inapokuwa ngumu. Hewa ikifikia unyevu wa takriban asilimia 75, chumvi ya kawaida huanza kuvuta maji kutoka hewani na kuyeyuka yenyewe, bila tone la mvua. Usiku wetu hupita kiwango hicho mara kwa mara. Kwa hiyo vumbi la chumvi lililotua juu ya fremu mchana linakuwa maji makali usiku, asubuhi linakauka, jioni linaloa tena. Mahali ambapo utando ni dhaifu panatoboka kishimo kidogo kama ncha ya sindano, na alumini inayoliwa mle inatoka nje ikiwa unga mweupe. Huo ndio ungaunga wako. Ukiufuta kwa kitambaa utaona kishimo chini yake. Na jambo la kukutuliza ni kwamba vishimo vya namna hii kwa kawaida hupunguza kasi miaka inavyokwenda, kwa sababu unga wenyewe unaziba mdomo. Fremu inaweza kuwa na sura mbaya ya vidoa kwa miaka mingi na bado ikashika dirisha lake sawasawa.

Sasa jambo ambalo watu wengi hawaliamini hadi walione. Zunguka karavani yako ulinganishe. Nadhani utakuta sehemu zinazopigwa na mvua zina hali nzuri kuliko zile zilizojificha chini ya banda. Kwenye picha zako fremu ya dirisha la mbele, ambayo makuti hayaifikii, ina vidoa vichache kuliko ya ubavuni. Mvua ya masika inaiosha bure, inaondoka na chumvi. Ile ya ubavuni inapokea upepo wa bahari ule ule, lakini hakuna kinachoiosha, chumvi inarundikana juu ya chumvi. Ongeza vumbi la makuti linaloshikilia unyevu, na kunguru wanaotua juu na kuacha mavi yao, ambayo nayo yana tindikali. Sikushauri ubomoe banda. Jua letu lingekuharibia madirisha ya plastiki na gundi za viungo haraka zaidi. Banda libaki, lakini ujue kwamba kazi ya mvua sasa ni yako.

Na hapo tunafika kwenye majivu. Najua yametoka wapi: sufuria zetu zote zimesuguliwa kwa majivu tangu enzi za mabibi, na zikang'aa. Lakini sufuria ni nene, inasuuzwa, inakaushwa, haikeshi nje ikilambwa na upepo wa bahari. Utando wa alumini unatulia kwenye maji yasiyo makali, takriban kati ya 4 na 8.5 kwenye pH, kile kipimo cha tindikali na alkali. Nje ya hapo, upande wa tindikali au upande wa alkali, unayeyuka. Maji ya majivu ni alkali kali. Maji ya saruji vivyo hivyo, kwa hiyo siku utakapopiga lipu karibu na karavani ifunike. Ndimu iko upande wa pili, ni tindikali. Jiki inaleta alkali na klorini kwa pamoja. Ama ile kostiki ya kuzibulia mabomba, isiikaribie alumini hata kidogo, maana inaila mbele ya macho yako ikitoa gesi ya haidrojeni inayowaka.

Kwa hiyo ule mng'ao wa siku mbili tatu mlioupata ni alumini iliyovuliwa nguo. Mmeondoa anodaizi, mkaacha uso mpya usio na kinga, wenye mikwaruzo midogo ambamo chumvi inakaa vizuri zaidi. Waya wa sufuria nao una dhambi yake nyingine: vipande vidogo vya chuma vinavunjika na kujichomeka ndani ya alumini, ambayo ni laini. Vinashika kutu. Zile nukta za rangi ya chai kwenye fremu ya jikoni ni hizo, na kuzunguka kila nukta alumini inaliwa kwa kasi, kwa sababu metali mbili tofauti zikigusana palipo na maji ya chumvi zinakuwa betri, na ile dhaifu ndiyo inayolipa. Kati ya chuma na alumini, dhaifu ni alumini.

Anodaizi iliyoondoka hairudi kwa polishi wala kwa mafuta. Njia pekee ya kuirudisha ni kufungua kipande, kukipeleka kiwandani na kukichovya upya, na kwa fremu hizi gharama haina maana. Tunachoweza ni kuzisafisha kwa upole, tukazipa kinga ya juu, tukazikubali na mpauko wake.

Fanya hivi. Chagua asubuhi kabla jua halijakaza. Mwagia maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, kwanza ili chumvi na mchanga vitoke, maana ukianza kufuta mchanga ukiwa bado upo, unapiga msasa. Kisha tumia sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, kidogo tu, kwa kitambaa laini au sifongo. Palipo na unga mgumu tumia mswaki wa nailoni wa zamani au kijiti cha mbao. Suuza, kausha kwa kitambaa kikavu, halafu paka waksi ya kawaida ya gari na uifute. Waksi ndiyo utando utakaokaa kati ya chumvi na alumini. Irudie kila maji yanapoacha kujikusanya matone juu ya fremu. Kuosha kwenyewe, mahali ulipo, kufanyike angalau kila mwezi, na upepo ukiwa mkali kutoka baharini usingoje mwezi uishe.

Angalizo moja la madirisha. Hayo si vioo, ni plastiki ya akriliki. Petroli, thina na spiriti vikigusa akriliki vinaifanyia nyufa nyembamba nyingi ambazo hazitoki tena. Fundi akija na kopo la thina "kusafisha kidogo", msimamishe.

Halafu maji. Hapa nakuomba uwe makini, kwa sababu nimeona wenye karavani na boti wakiosha kila wiki kwa bidii na hali inazidi kuwa mbaya. Visima vingi vya kwetu pwani vina chumvi. Ukiosha alumini kwa maji ya kisima ukaacha yakauke, umeipaka chumvi kwa mkono wako. Yaonje: kama huwezi kuyapikia chai, usimalizie nayo. Unaweza kuondolea mchanga na sabuni kwa maji ya kisima kama huna budi, lakini suuzo la mwisho liwe la maji baridi ya bomba, au ya mvua uliyokinga. Kama bomba halitoi, dumu moja au mawili ya lita ishirini kutoka kwa mwenye mkokoteni yanatosha kusuuza fremu zote ukitumia kitambaa badala ya mpira. Kausha hata hivyo.

Sasa reli. Hii ndiyo iliyonifanya nikuandikie kwa urefu.

Ile reli ndefu inayopita kwenye kona ambapo ukuta wa pembeni unakutana na paa, yenye mfereji wa kuingizia hema la mbele, si pambo. Inaziba kiungo cha bati la paa na bati la ukuta. Imeshikiliwa na safu ya skrubu zinazopita kwenye alumini, kwenye gundi laini iliyo nyuma yake, na kuingia kwenye mbao za fremu ya karavani. Juu ya skrubu kuna mkanda wa plastiki uliobanwa ili zisionekane. Miaka ikipita mkanda unajikunja na kuwa mfupi, unaacha pengo miishoni, na maji yanaingia chini yake na kukaa. Skrubu za zamani aghalabu ni za chuma cha kawaida kilichopakwa zinki. Zinki ikiisha, chuma kinashika kutu, kinavimba, kinasukuma alumini. Gundi nayo imeshakauka na kupasuka. Kuanzia hapo kila mvua inateremka kwenye skrubu moja kwa moja hadi kwenye mbao. Katika karavani za zamani hii ni mojawapo ya njia kuu za maji kuingia ndani, na kutoka nje dalili ni hizo hizo unazoziita sura: reli imepauka, ina kola ya unga mweupe hapa na pale, ina michirizi ya kahawia.

Vuta mkanda wa plastiki taratibu kutoka mwisho mmoja, urefu wa mkono tu, utazame vichwa vya skrubu. Kichwa kikiwa kizima na cha kijivu, vuta kidogo zaidi, uangalie vingine. Ukikuta kichwa kimegeuka donge la kahawia lenye pete nyeupe kukizunguka, jaribu kukifungua kwa bisibisi ya mkono, usitumie drili. Kikizunguka bila kushika, mbao ya nyuma imelainika. Kikikatika, uzi wake umeliwa. Kikitoka, itazame ncha: ikiwa nyeusi na yenye unyevu, maji yameshafika. Baada ya hapo ingia ndani, fungua makabati ya juu, ubonyeze ukuta kwa kidole gumba kwenye kona zote za juu na chini ya madirisha. Ukuta mzima unakataa. Ukuta uliooza unabonyea, au karatasi yake ya juu inateleza chini ya kidole. Pua nayo ina kazi hapa. Kabati lenye harufu ya ukungu hata baada ya kushinda wazi linakuambia jambo.

Ikiwa mbao bado ni ngumu, kazi si kubwa, ila inataka subira. Ifanywe miezi mikavu, Januari na Februari ndiyo mizuri, na upande mmoja umalizwe kabla ya kugusa mwingine. Reli inafunguliwa, haipindwi, maana ukishaipinda hairudi sawa. Gundi ya zamani inatolewa kwa kijiti cha mbao au plastiki, mabaki yanafutwa kwa mafuta ya taa kidogo kwenye kitambaa, kisha sabuni, kisha maji, kisha inakauka kabisa. Matundu ya mbao yaliyopanuka yanazibwa kwa vijiti vya mbao na gundi isiyoogopa maji. Nyuma ya reli inawekwa gundi ya mkanda ya butili, ile inayobaki laini miaka yote. Usikubali silikoni ya kawaida inayonuka siki. Ile harufu ni tindikali, na inaiuma alumini. Skrubu mpya ziwe za stenlesi, kila moja ichovywe kwenye gundi kabla ya kuingia ili isigusane uchi na reli. Najua nimesema metali mbili zinafanya betri, na stenlesi na alumini ni hivyo hivyo, lakini skrubu ni ndogo na reli ni kubwa, kwa hiyo hasara inatawanyika na kwenda polepole. Kinyume chake, riveti ya alumini kwenye bati kubwa la stenlesi inaliwa haraka. Skrubu za shaba nyeupe au nyekundu usiziweke kabisa. Mkanda mpya wa plastiki ukatwe mrefu kuliko reli kidogo, maana utajivuta.

Vifaa hivi, kama duka la hadiwea la mtaani kwako halina, waulize wanaotengeneza boti kule Mtwapa. Wao wanapambana na chumvi hii hii kila siku na hawauzi gundi ya kubahatisha.

Ikiwa mbao zimelainika, tafuta seremala kabla ya fundi wa alumini. Mbao mbovu zikatwe na kubadilishwa, na mchwa wakaguliwe wakati ukuta uko wazi.

Rangi inayovimba chini ya mlango ni jambo dogo ukilishika mapema. Ukiitazama karibu utaona vijistari vyembamba vinavyojipinda chini ya rangi kama njia za funza ndani ya embe, vikianzia kwenye mkwaruzo au kwenye ncha iliyokatwa. Chumvi imeingia pale na inatembea kati ya rangi na alumini. Kupaka juu yake ni kuifungia ndani. Kwangua hadi uifikie rangi iliyoshika imara, hata kama eneo litakuwa kubwa kuliko ulivyotarajia. Piga msasa mwepesi, wa karatasi usio wa chuma, ukiwa umejifunga kitambaa puani. Osha kwa maji baridi mara mbili, kausha, kisha siku hiyo hiyo weka praima, yaani rangi ya msingi, iliyoandikwa kuwa ni ya alumini, na juu yake rangi ya magari inayochanganywa na dawa ya kuigandisha.

Hapo pia utaona kwa nini sikubaliani na fundi wa silva. Rangi ya silva ya kopo ikipakwa juu ya alumini iliyopigwa msasa bila praima yake haishiki. Itapendeza kwa muda, kisha itabanduka vipande vipande, na chini ya kila kipande chumvi imeshajenga. Uso uliopauka lakini uko wazi unaosheka. Uliofunikwa na rangi mbovu hauosheki. Yule wa kung'oa zote naye nina hoja naye: fremu za karavani zina mikunjo na raba za vipimo vyake, na mafundi wetu wa alumini, hodari kama walivyo kwa madirisha ya nyumba, watalazimika kukufanyia kipande kinachokaribiana tu. Kukaribiana kwenye karavani ni kuvuja.

Weusi wa mikononi ni alumini yenyewe, chembe laini na oksidi zake, kutoka kwenye kishikio ambacho anodaizi imeisha kwa kushikwa na kusuguliwa. Kioshe kwa sabuni, kifute kwa kitambaa cheupe hadi kitambaa kisitoke tena na weusi, ukipake waksi. Kikiendelea, kinunulie rangi ya klia ya magari, ile inayopitisha mwanga. Kizingiti kinacholiwa na mchanga wa miguu ya wageni kiache kilivyo, weka mkeka nje na karai la maji ya kunawia miguu. Mchanga una chembe ngumu kuliko alumini mara nyingi, hakuna polishi itakayoshindana nao.

La mwisho hukuniuliza, lakini limo kwenye picha ya upande wa nyuma. Bomba la shaba la kiyoyozi limelala juu ya ukanda wa alumini chini ya dirisha, na jasho lake linatiririka ukutani. Maji yanayopita juu ya shaba yanabeba chembe za shaba, na zikitua juu ya alumini zinaitoboa kuliko chumvi peke yake. Hili ndilo pekee ambalo lisingoje Januari. Mwambie fundi wa kiyoyozi aliinue bomba kwa vishikio vya plastiki, alivishe ala yake ya sponji bila kuacha pengo hata kwenye maungio, na mpira wa kumwagia maji auelekeze chini kabisa, mbali na bati. Ukanda uoshwe kwa maji baridi siku hiyo hiyo. Kama pana shimo ambalo kijiti cha meno kinapita hadi upande wa pili, nitumie picha yake pamoja na ya zile skrubu.